Mkono Uliofundishwa Kujificha

Ukimpa mjuzi wa kauri za kale sahani, hatazami maua yake. Huigeuza. Uso ambao mchoraji aliutolea jasho, na ambao wenye nyumba waliuanika mbele ya wageni kizazi baada ya kizazi, anauacha ungoje. Anataka kitako kwanza. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, pale udongo ulipobaki mtupu. Anatafuta alama, namba, herufi, mkwaruzo. Akirudi kwenye maua, nusu ya mambo ameshayaamua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kauri ya Denmark iliyochorwa kwa mkono methali hiyo haitoshi, maana kizuri hapa hulala kifudifudi hadi apatikane wa kukisoma.

Fedha zimo katika kisomo hicho, tena nyingi wakati mwingine. Lakini kinachonivuta ni swali ambalo wanunuzi hulipita haraka wakielekea kwenye bei: anayelipia kazi ya mkono, analipia nini hasa?

Alama inayotafutwa zaidi ni mistari mitatu ya mawimbi, ya buluu, iliyopigwa kwa brashi. Ni ya kiwanda cha Royal Copenhagen, kilichoanzishwa mwaka 1775 na mkemia Frantz Heinrich Müller chini ya ulezi wa malkia Juliane Marie. Miaka minne baadaye mfalme alikichukua kikawa mali yake. Mawimbi yale ni njia tatu za maji za Denmark: Øresund, Store Bælt na Lille Bælt. Anayeujua uchumi wa nchi ile ataelewa kwa nini yalichaguliwa. Kwa zaidi ya miaka mia nne, hadi 1857, hazina ya Denmark ilitoza ushuru meli zilizopita Øresund kuingia au kutoka bahari ya Baltiki. Kitako cha sahani hakikupewa jina la fundi wala la mbunifu. Kilipewa maji ya mfalme, yale yale yaliyomjazia mfuko. Jambo la kwanza ambalo alama humwambia msomaji, basi, ni mwenye mali.

Jambo la pili limeandikwa kwa udogo zaidi. Karibu na mawimbi mara nyingi kuna herufi moja au mbili, au namba tupu, nayo pia kwa brashi. Hiyo ndiyo ishara ya aliyechora. Ilimtosha msimamizi kujua kazi ni ya nani. Haikukusudiwa kumjulisha mtu huyo kwa mnunuzi. Kati ya mawimbi yanayotangaza na namba inayonong'ona ndipo ilipo kazi yote ya kuthamini kauri hizi.

Ili kuona ugumu wa kazi ya yule mwenye namba, inafaa kwanza kujua chombo kilitengenezwaje. Ulaya ilichelewa sana katika ufundi huu. Kwa karne nyingi ni mafundi wa China, na baada yao wa Korea na Japani, walioweza kuchoma udongo mweupe hadi ugeuke kitu kigumu, chembamba, kinachopitisha mwanga. Meissen, huko Ujerumani, ilianzisha kiwanda chake mwaka 1710 na kuilinda siri hiyo kwa wivu. Müller alipoanza, meli za Kampuni ya Asia ya Denmark zilikuwa zikileta Copenhagen shehena za kauri kutoka Canton, China, tangu miaka ya 1730. Hakushindana na hadithi za mbali. Alishindana na vyombo vilivyokwisha zoeleka mezani.

Sehemu ya udongo wake wa kaolini ilitoka kisiwa cha Bornholm, na haukuwa safi sana. Ndiyo sababu vyombo vya miaka ya mwanzo vina weupe wenye kijivu ndani yake, unaoelekea kidogo kwenye buluu. Mjuzi huutafuta ukijivu huo. Sahani nyeupe pepe inayodaiwa kuwa ya 1780 inastahili shaka hata kabla ya kugeuzwa. Kasoro ya udongo imekuwa shahidi wa umri, na shahidi huyo ni mgumu kughushi kuliko mawimbi, kwa kuwa mistari mitatu yeyote mwenye brashi anaweza kuipiga.

Rangi ilikuwa moja. Kobalti iliweza kustahimili joto la nyuzi 1,400 hivi chini ya glezi, ule utando wa kioo unaokifunika chombo. Rangi nyingine nyingi za zama zile zingepotea tanurini. Nayo kobalti ilikuwapo katika himaya: mwaka 1776 mfalme alianzisha Blaafarveværket, kiwanda cha kutengeneza buluu huko Modum, Norway, nchi iliyokuwa chini yake hadi 1814. Udongo wa mfalme, buluu ya mfalme, maji ya mfalme. Kilichobaki nje ya milki ni kiganja cha mchoraji.

Kiganja hicho kilifanya kazi katika mazingira yasiyosamehe. Chombo huchomwa mara ya kwanza kikatoka kikavu, chenye vinyweleo, chenye kiu. Mchoraji hupaka juu ya uso huo. Brashi ikigusa tu, rangi imekwisha nyonywa. Hakuna kufuta. Tena anachokipaka hakijawa buluu. Ni rangi ya kijivu inayoelekea weusi, na buluu hutokea baada ya chombo kuvikwa glezi na kurudishwa motoni. Mchoraji basi hayaoni matokeo anapofanya kazi. Anajua kwa uzito wa brashi ni wapi rangi itakolea na wapi itakuwa nyepesi, na tanuri humjibu baadaye.

Nakshi ya kwanza ya kiwanda, ambayo katika hesabu zake inabeba namba 1, inaitwa Musselmalet. Ni vishada vya maua na vikonyo vyembamba kwenye chombo chenye mifuo inayotawanyika kuelekea ukingoni. Maua yale hayakuchumwa Denmark. Asili yake ni krisanthemumu ya Kichina, iliyofasiriwa upya Meissen, ikapunguzwa hadi ua likabaki na mistari michache tu, kisha ikafika Copenhagen. Kampuni hujivunia kwamba sahani moja ya chakula, katika umbo la kawaida la nakshi hii, hupigwa brashi mara 1,197. Mchoraji alifunzwa miaka minne hivi kabla ya kuaminiwa.

Aliaminiwa kufanya nini? Hakufunzwa kubuni ua jipya. Alifunzwa kulirudia lilelile, hadi sahani yake iweze kukaa meza moja na sahani ya mwenzake, na ya mwalimu wake, na ya mtu aliyekufa miaka mia iliyopita, pasipo mgeni kuuliza. Shule ile yote ilikuwa ya kumfundisha mkono kujificha. Nasi leo tunaichukua sahani hiyo, tunaisogeza kwenye mwanga, tunatoa lenzi, na tunautafuta mkono uleule ulioambiwa usionekane.

Unaonekana, kwa bahati. Ndiyo elimu nzima ya kutambua. Mapigo ya brashi yana mwanzo na mwisho: palipotua brashi rangi ni nzito, ilipovutwa imekuwa nyepesi, ilipoinuliwa imeacha kitone kidogo cha buluu iliyokolea. Jani lililochorwa kwa pigo moja lina mwanga na kivuli ambacho hakikupakwa. Kilizaliwa na mwendo. Picha iliyochapishwa haina mwendo. Chini ya lenzi, dekali, ile karatasi yenye picha inayobandikwa juu ya chombo, mara nyingi huonyesha vidoa vidogo vilivyojipanga, na chapa za zamani zilizotoka kwenye bamba la shaba wakati mwingine huonyesha mahali ambapo ncha mbili za karatasi zilikutana vibaya. Kidole nacho kina neno lake. Rangi iliyo chini ya glezi haishikiki kwa ukucha. Rangi iliyopakwa juu ya glezi, na dhahabu, huwa na kimo kidogo, na hukwaruzika kwa kutumika.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji kifaa. Panga sahani sita za seti moja na utazame ua lilelile katika kila moja. Zikiwa zimechapishwa, ukitazama moja umezitazama zote. Zikiwa zimechorwa, kikonyo kitapinda zaidi hapa, nafasi kati ya majani itabana pale, na baada ya muda utaanza kuhisi kwamba tatu kati ya zile sita zinatoka kwa mtu mmoja. Ni kama kuutambua mwandiko wa ndugu kwenye bahasha kabla hujasoma jina la mtumaji. Ukizigeuza, ukakuta namba ileile chini ya zile tatu, utakuwa umekutana na mtu.

Historia ya kiwanda nayo imeacha nyayo za kufuata. Kilipitia njaa: Denmark ilifilisika mwaka 1813, ikaipoteza Norway mwaka uliofuata, na hatimaye kiwanda kikatoka mikononi mwa ufalme. Mwaka 1882 kikanunuliwa na kampuni ya Aluminia na muda mfupi baadaye kikahamia Frederiksberg, jirani na Copenhagen. Mwaka 1885 msanifu majengo Arnold Krog akawekwa kuongoza sanaa yake. Aliichukua tena Musselmalet, akaifanyia kazi ile yenye ukingo uliotobolewa mithili ya lesi, na pia akafungua njia mpya: mandhari ya ukungu, bahari na ndege, yaliyochorwa chini ya glezi kwa buluu na kijivu laini. Maonyesho ya Paris ya 1889 yalikipa kiwanda tuzo kuu. Tangu enzi hizo vyumba vya uchoraji vilijaa wanawake, na ni mikono yao iliyochora sehemu kubwa ya buluu iliyopo sokoni leo.

Alama zilibadilika na biashara. Mwishoni mwa karne ya 19 ziliongezwa taji na jina la Kiingereza, kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo neno "Denmark" kwenye kitako kwa kawaida hukupeleka miaka ya baada ya hapo. Kuanzia 1935 kistari kidogo huwekwa juu au chini ya herufi moja ya jina la kiwanda, na herufi iliyochaguliwa ndiyo inayotaja mwaka. Namba mbili zilizotenganishwa na mstari hueleza nakshi na umbo. Mkwaruzo uliopita juu ya mawimbi, uliokata glezi, ni hukumu: kipande kilikaguliwa kikaonekana na dosari, kikauzwa kwa daraja la chini. Mwuzaji asiye mwaminifu hutumaini kwamba huujui mkwaruzo huo.

Kuna pia ndugu hasimu. Bing & Grøndahl ilianzishwa mwaka 1853 na Frederik Vilhelm Grøndahl, akiungana na ndugu wawili, Meyer Herman Bing na Jacob Herman Bing. Alama yake ni minara mitatu, iliyotoka kwenye nembo ya jiji la Copenhagen. Seti yake ya shakwe, iliyobuniwa na Fanny Garde mwaka 1892, ilienea sana katika nyumba za Wadenmark. Viwanda hivyo viwili viliungana mwaka 1987, baada ya zaidi ya karne moja ya kutazamana.

Basi, bei. Soko lina maswali yake: kiwanda gani, mwaka gani, umbo gani, nzima au yenye ufa? Ukigonga sahani nzima kwa ukucha italia. Yenye ufa hujibu kwa sauti iliyozibwa. Taa ya miale ya urujuani huonyesha mahali palipozibwa na gundi na kupakwa rangi. Ukingo uliotobolewa hupandisha bei, mdomo uliobanduka huishusha, hata ungekuwa mdogo. Haya yote ni ya haki. Lakini tazama ni nini hakimo. Mara chache sana sokoni huulizwa kama namba iliyo chini ni ya mchoraji mahiri au wa kawaida. Sote tunasema tunapenda mkono, kisha tunalipia mawimbi.

Mfano ulio wazi zaidi ni sahani za Krismasi. Mwaka 1895 Bing & Grøndahl ilitoa sahani ndogo ya buluu iliyobuniwa na Frans August Hallin, ikionyesha mji uliofunikwa theluji ukitazamwa kupitia dirisha lenye barafu. Zilitengenezwa 400 hivi, na kalibu ikavunjwa ili zisiongezeke. Ile ya 1895 imekuwa ghali. Desturi ikashika, kila mwaka sahani mpya, kila mwaka kalibu ikavunjwa. Royal Copenhagen ikaanza zake mwaka 1908. Watu wakazinunua ili wazihifadhi, wakazihifadhi kweli, kwenye kuta na makabati ya nchi nyingi, na leo nyingi za karne ya 20 huuzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa na keki, isipokuwa za miaka michache, hasa ya vita, zilizotoka chache. Kwenye sahani hizo mchoro umekwisha kutolewa na kalibu. Mkono umebakiwa na kazi ya kupaka na kupunguza rangi. Kitu kilichotengenezwa kiwe adimu kimezagaa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukitumia. Sahani ya 1780 ya kulia chakula, ambayo hakuna aliyeiwekea mpango wa uadimu, ndiyo isiyopatikana. Ilioshwa, ikaanguka, ikatupwa. Uadimu wa kweli uliletwa na maisha ya jikoni.

Upande wa pili wa ngazi kuna Flora Danica. Seti hii iliagizwa mwaka 1790, na kwa mapokeo ilikusudiwa kuwa zawadi kwa Catherine wa Pili wa Urusi, aliyefariki 1796 kabla haijakamilika. Michoro yake ilinakiliwa kutoka kwenye kitabu kikubwa cha mimea ya Denmark kilichoanzishwa na Georg Christian Oeder mwaka 1761, na kila kipande kina jina la mmea kwa Kilatini upande wa nyuma. Kazi iliposimamishwa mwaka 1802, vilikuwa vimefikia vipande 1,802. Sehemu kubwa kabisa ya mimea hiyo ilichorwa na mtu mmoja, Johann Christoph Bayer, aliyezaliwa Nürnberg, ambaye kazi hiyo ya miaka kumi na miwili iliyaharibu macho yake. Vipande vingi vilivyosalia vimo katika kasri la Rosenborg, na kiwanda kimeendelea kutoa vipya kwa mfano uleule.

Bayer ni mmoja wa wachache ambao soko linawataja kwa jina. Ametajwa kwa sababu alifanya kinyume cha mchoraji wa Musselmalet: kila sahani yake ni mmea mwingine. Mzizi uliochimbuliwa, kuvu isiyo na uzuri wowote wa mezani, vyote alivichora kwa uaminifu wa mtaalamu wa mimea. Lakini hata yeye alitakiwa anakili kitabu. Tofauti yake na mwenye namba ni ya kiasi. Wote wawili walilipwa kwa utiifu. Tunachokithamini leo ni kile kilichopenya kwenye utiifu huo.

Flora Danica ilitandikwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1803, siku ya kuzaliwa kwa mfalme Christian wa Saba. Mwanzoni mwa mwezi huohuo ilikuwa imeanza kutumika amri ya 1792 iliyowapiga marufuku raia wa Denmark kusafirisha watumwa kuvuka Atlantiki. Meli zao zinakadiriwa kuwa zilikuwa zimekwisha beba Waafrika 100,000 hivi kutoka pwani ya magharibi, ambako ngome ya Christiansborg ilisimama Accra, hadi visiwa vyao vya Karibi. Utumwa wenyewe visiwani humo haukuisha hadi 1848. Tarehe mbili hizo katika Januari moja hazikupangwa na mtu. Lakini anayefungua kabati la kauri za karne ya 18 atakuta humo buli, birika la kahawa na bakuli la sukari lenye kifuniko, na hana budi kujiuliza sukari ilitoka wapi hata ikahitaji bakuli zuri kiasi hicho. Ilitoka St. Croix, kimojawapo cha visiwa hivyo. Mchoraji aliachiwa angalau namba kwenye kitako. Aliyekata muwa hakuachiwa hata nukta, na bila yeye umbo lile lisingekuwapo mezani. Mthamini mwaminifu anapoandika "bakuli la sukari, karibu 1785, zima", amesema kweli, na amesema kidogo.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya kuitazama buluu hii bila ugeni. Ile China iliyoigwa Meissen na Copenhagen ilikuwa imekwisha fika kwetu mapema zaidi. Mabakuli yake yalijengewa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na vyombo vyake vilipangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu. Mengi kwenye makaburi yamekwisha ng'olewa, yakabaki mashimo ya mviringo kwenye chokaa. Hatukuiiga kiwandani; tulikifanya chombo chenyewe kuwa sehemu ya jengo, kikawa hakiwezi kuuzwa bila kuvunja kaburi. Ni namna nyingine kabisa ya kuthamini: kukiondoa kitu sokoni kwa makusudi.

Na kuna namna ya tatu. Wachimbuaji wa mambo ya kale huko Gede na Kilwa huokota vigae vya kauri ya Kichina na kuvitumia kuujua umri wa msikiti au ukuta. Kigae cha ukubwa wa kidole, ambacho mnadani Copenhagen kingefagiliwa, kinaweza kuhamisha tarehe ya jengo zima kwa karne moja. Na kinachosomwa kwenye kigae ni nini? Aina ya udongo, kivuli cha glezi, na namna brashi ilivyopinda. Mchimbuaji anautafuta mkono uleule anaoutafuta mwenye lenzi. Tofauti ni kwamba yeye hana haja chombo kiwe kizima, kwa kuwa swali lake si la kuuza.

Nimeyaleta haya kwa sababu yanasaidia kulikabili jambo linalowagawa wapenzi wa Royal Copenhagen leo. Katika miaka ya 2000 uzalishaji wake mwingi ulihamishiwa Thailand, na mwishoni mwa 2012 kampuni ya Fiskars ya Finland ilitangaza kuinunua. Musselmalet bado huchorwa kwa mkono. Bado brashi, bado kobalti, bado udongo wenye kiu usioruhusu kufuta. Lakini wapo wanaogeuza sahani mpya, wakijua ilikochorwa, wakairudisha rafuni, huku wakiikumbatia ya 1960 kwa kuwa ni "ya Denmark kweli".

Naelewa huzuni ya mji uliopoteza mafundi wake. Ajira zilizoondoka zilikuwa za watu halisi, na ujuzi uliokatika Frederiksberg haurudi kwa kuandikwa. Hilo ni la kulilia. Dai kwamba sahani yenyewe imekuwa ya uongo ni jambo lingine, na halina miguu. Ua lenyewe lilitoka Asia. Lilipita Ujerumani, likakaa Copenhagen karne mbili na ushei, likarudi Asia. Mwaka 2000 mwanafunzi wa sanaa, Karen Kjældgård-Larsen, alilichukua akalikuza hadi likamwagika nje ya ukingo wa sahani, na toleo lake likapendwa. Hakuna aliyedai kwamba amelighushi. Kama uhalisi ungekuwa katika mahali, basi Copenhagen yenyewe ingekuwa mwigaji tangu 1775.

Uhalisi, nadhani, upo pale lenzi inapoukuta: kwenye kitone kilichobaki brashi ilipoinuliwa, kwenye kikonyo kilichopinda kidogo kuliko ilivyoamriwa. Hilo linaweza kutokea Frederiksberg au Thailand, kwa mwanamke wa 1910 au wa mwaka huu. Soko halijajua kulipangia bei, na pengine halitajua, maana linahitaji mtu akae na sahani sita kwa saa nzima bila haraka, na saa ya mthamini ina gharama yake. Soko litaendelea kulipia mawimbi, taji, mwaka, na kutobanduka. Halidanganyi likifanya hivyo. Linapima kile linachoweza kukipima.

Kwa hiyo anayerithi au kununua kauri ya namna hii ningemshauri aandike tathmini mbili. Ya kwanza ni ya bima na ya mnada, na amwachie mjuzi: kiwanda, mwaka, umbo, hali, kiasi. Ya pili aiandike mwenyewe. Aandike namba iliyo kwenye kitako cha kila sahani, zipi zina namba moja, mkono huo hupindisha wapi kikonyo chake, na hubonyeza wapi. Tathmini ya kwanza itapitwa na wakati kila bei zinapobadilika. Ya pili itabaki kweli hata sahani zikivunjika, na huenda ikawa mara ya kwanza tangu chombo kitoke tanurini kwa mtu aliyekichora kusomwa na asiyekuwa msimamizi wake.